Mia na Saba, Dirisha la Pili

Jamani, kwanza kabisa: sikupanda juu ya kaunta. Sikuchukuliwa na polisi. Na hakuna mzee aliyeanguka. Hayo matatu kayatia chumvi mwenyewe yule rafiki yangu, tutamwita Shahidi, maana alikaa kiti cha nyuma yangu kabisa na hakunigusa hata bega kunistua. Sauti aliyorekodi kusimulia kisa changu cha benki inazunguka kwenye makundi tangu jana jioni. Shangazi yangu wa Tanga kanipigia alfajiri kuuliza kama nimepandwa na kitu. Haya, kaeni niwape habari yenyewe, ambayo kwa bahati mbaya haina nafuu kubwa.

Mnaonifuata zamani ugonjwa wangu mnaujua. Wageni: mwenzenu naangalia mashindano ya dansi, yale ya Kilatini, chachacha, samba, rumba, paso doble na jaivu, usiku wa manane na bando la mwisho. Kuna mji wa pwani kule Uingereza unaitwa Blackpool, una ukumbi unaitwa Empress Ballroom, na tamasha lao la dansi lilianza mwaka 1920. Nyie mna Simba na Yanga, mimi nina huko. Nakwambia hata usiponiuliza kwamba Donnie Burns na Gaynor Fairweather walitwaa ubingwa wa dunia wa Kilatini mara 14. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa msikilize vizuri mambo mawili, maana ndipo Shahidi alipovuruga.

La kwanza, namba. Kila mwanaume anabandikwa namba mgongoni. Raundi za mwanzo sakafu inafurika jozi, majaji wamesimama pembeni na karatasi zao, na muda wa kumtazama kila mmoja haupo. Kwa hiyo mashabiki wanapayuka namba. Ukitaka jaji amtupie jicho mtu wako, unaita namba yake mpaka sauti ikauke. Wanachujwa, wanachujwa, mwisho fainali inabaki na jozi sita, na mtangazaji anazisoma namba zao moja moja. Hapo mtu unaweza kuzaa.

La pili, chachacha yenyewe. Hatua yake inaanzia pigo la pili. Wanaojifunza hawahesabu moja, mbili, tatu kama watoto wa chekechea. Wanahesabu mbili, tatu, nne-na-moja. Mbili, tatu, nne-na-moja. Nimejizoeza jikoni nikikuna nazi mpaka mdomo unajiendea wenyewe.

Mnaanza kuona ajali ilipotokea? Bado. Subirini.

Benki siitaji. Mwisho wa mwezi, wastaafu wamejaa tangu saa moja asubuhi, na ile mashine inayoita watu kwa sauti ya kike ilikuwa imekata kauli. Mlinzi ndiye akaachiwa kazi: anasimama katikati, anaita kwa mdomo, "Tisini na moja, dirisha la tatu!" Mimi mkononi nina mia na kumi na mbili. Nikahesabu vichwa, nikahesabu makeshia wanaofanya kazi na wanaochati, nikaona hapa ni mpaka adhuhuri. Nikachomeka hedifoni, zile za waya, nilizonunua Kariakoo kwa sababu muuzaji aliapa ukizivaa husikii hata adhana. Hakunidanganya.

Nikafungua fainali niliyokuwa nimeihifadhi. Matokeo siyajui, na maoni ya chini ya video sikuyagusa makusudi. Jozi yangu ilikuwa namba 107. Majina yao siyataji, wamekosa nini?

Hapa Shahidi anaruka jambo moja muhimu: mlinzi alikuwa ametoka nje. Hilo nisingeweza kulijua, nilikuwa Blackpool. Benki ikawa kimya, watu wote masikio wima wakisubiri namba inayofuata. Na kwenye simu yangu mtangazaji naye ameanza kusoma. Ya kwanza si wangu. Ya pili si wangu. Ya tatu, ya nne, nikaanza kutafuna kucha. Ya tano si wangu. Imebaki moja. Roho mkononi. Akatamka.

"MIA NA SABA!"

Wallahi mimi nilidhani nimenong'ona.

Safu ya mbele alikaa mzee mmoja, baraghashia safi, koti la kijivu, fimbo. Shahidi anasema alitazama karatasi yake, akatazama juu kumshukuru Mungu, kisha akaanza kunyanyuka, na kunyanyuka kwenyewe kulikuwa shughuli. Simu yangu nayo haikungoja: aliyeikata ile video kairusha moja kwa moja kwenye chachacha. Orkestra ikaingia. Kamera ikawavuta jozi yangu karibu, nami nikaingia na hesabu.

"Mbili!"

Mzee akashika njia ya dirisha la pili.

"Tatu!"

Mzee akasita. Akageuza fimbo, akageuza na mwili, akaelekea la tatu.

"Nne-na-moja!"

Naomba mjue ile benki ilivyokaa. Dirisha la kwanza liko karibu na mlango. La nne liko mwisho kabisa, kwenye picha ya familia inayocheka kwa sababu imekopa. Mzee alisimama katikati ya ukumbi akatazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Kamera ikahamia kwa jozi nyingine, nikanyamaza. Ikawarudia wangu.

"Mbili! Tatu!"

Mzee akaona heri la tatu, angalau limetajwa tena.

Wakati huo, nasimuliwa, mama wa tisini na mbili alishasimama. "Mia na saba inaitwaje na mimi tisini na mbili nipo hapa? Au siku hizi mnaitana kwa kujuana?" Wa tisini na tatu akamuunga mkono. Kijana mmoja akasema hii nchi ndiyo maana. Keshia wa la pili anamwita mzee kwa mkono, keshia wa la tatu, dada mmoja mrembo mwenye miwani, anamwambia subiri kwanza baba. Mzee kafika dirishani kwake, kaegemea kaunta, wanatazamana.

Na mimi, kichwa chini, nawaona watu wangu wamepoa. Chachacha goti linanyooka, linafungwa, ndipo kiuno kinapata pa kuzungukia. Yule kaka alikuwa anakibania! Fainali, majaji wote hao, anabania!

"KIUNO, BABA! ACHIA KIUNO! USIMWOGOPE HUYO MWANAMKE!"

Nikahisi kitu. Ule ubaridi wa kutazamwa. Nikainua macho, benki nzima imenigeukia, nami nikadhani kuna kioja nyuma yangu, nikageuka kuangalia. Nyuma yangu kulikuwa na Shahidi, kajiziba uso na mkoba, mabega yanatikisika. Nikageuka tena mbele. Mzee naye alikuwa anageuka, kidogo kidogo, fimbo kwanza. Midomo inacheza. Sisikii. Na mimi, aibu yangu hii sitakaa niisahau, nikamtabasamia na kumnyooshea dole gumba.

Ndipo nikakumbuka hedifoni. Nikavuta waya kwa pupa. Upande wa simu.

Orkestra yote ya Blackpool ikamwagika ndani ya benki, matarumbeta, ngoma, na Wazungu wanaopayuka namba zao. Nabonyeza kuzima, kidole kinateleza kwa jasho, naongeza sauti. Nikailalia simu kwa kifua. Ikanyamaza ilipopenda yenyewe.

"Binti," mzee akasema, na sasa nilimsikia kila mtu alivyomsikia. "Kiuno hiki nimekichoma sindano juzi. Nikikiachia, utakibeba wewe?"

Neno pekee lililonijia mdomoni lilikuwa, "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa ni nne au moja?"

Mengine ni ya haraka tu. Mlinzi akarudi na chupa yake ya maji, akakuta watu wanataka kuzichapa, akanyooshewa vidole vyote kuelekea kwangu. Mzee alihudumiwa palepale, kwa sababu yule dada wa miwani alikuwa analia kwa kicheko na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumrudisha mzee nyuma. Akaja kukaa pembeni yangu kuhesabu pesa zake, akataka kuona hicho nilichokuwa napigia kelele. Akatazama kimya. Akasema enzi zao chachacha waliicheza na suruali yenye nafasi, na kwamba yule kaka anajua, ila anajionyesha mno, mwenzake hapati pa kupumua. Nilitaka kubishana. Mlinzi akanitoa nje.

Mia na kumi na mbili iliitwa nikiwa chini ya mwarobaini, nimejifunika khanga kichwani. Shahidi anasema iliitwa vizuri sana, mara mbili, na kwamba watu walicheka.

Kwa hiyo pesa sijatoa. Shahidi, kwa kuwa umepata umaarufu kwa jina langu, nitumie elfu ishirini leo kabla ya jua kuzama. Na wewe binamu uliyekwenda kuitafuta ile fainali, ukaandika kwenye kundi la familia nani kashinda, nimekuona. Nilikuwa sijamaliza kuangalia.