Chukudu Ina Sanamu, Mama wa Petite Barrière Je?

Katika mzunguko mmoja wa barabara mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kuna sanamu ya rangi ya dhahabu: mwanamume akisukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloshusha viazi na makaa kutoka milimani hadi mjini. Watu wa Goma wanaipenda. Wanapiga picha mbele yake na kuelekezana njia kwayo. Ilizinduliwa enzi za Rais Joseph Kabila, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba wasukuma chukudu walistahili kupewa bima ya afya kwanza, sanamu baadaye.

Nalitaja hilo kwa sababu kila linapozuka wazo la kuwaenzi kwa sanamu au michoro ya ukutani wanawake wanaofanya biashara mipakani, jibu huwa tayari: wajengewe vyoo kwanza. Ni jibu zuri. Linapigiwa makofi, na anayelitoa huonekana mtu wa vitendo asiyepumbazwa na rangi. Mimi pia nataka vyoo. Ila najiuliza kwa nini swali la vyoo halikuulizwa siku mwanamume wa chukudu alipopandishwa juu ya jiwe lake.

Mwendo wa dakika chache kutoka mitaa ya katikati ya mji uko mpaka wa Rwanda, na kivuko ambacho Wakongo na Wanyarwanda wote hukiita Petite Barrière. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku kwa miguu. Nyanya, vitunguu, kabichi, maziwa na kuku huja kutoka upande wa Rubavu, nchini Rwanda, ambako ardhi ina wakulima na utulivu; vitenge, viatu na vipodozi hurudi upande wa pili. Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, umezungukwa na mashamba ambayo vita imeyafanya yasifikike kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya chakula cha jioni cha mji huo imepita kichwani au mgongoni mwa mwanamke asubuhi ileile. Chukudu na mama huyu wanafanya kazi moja, kuulisha mji. Mmoja ana sanamu.

Sasa kuna ile takwimu inayonukuliwa katika kila warsha: kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani barani Afrika, na wengine husema 80. Uchunguzi wa Benki ya Dunia katika Maziwa Makuu, uliotoka mwanzoni mwa muongo uliopita, ulipata takriban asilimia 85. Sizikatai namba hizi. Yeyote aliyesimama kwenye mpaka wa Busia, Namanga au Tunduma asubuhi hahitaji kushawishiwa. Kinachonisumbua ni jinsi zinavyotumika. Asilimia 70 ya nini? Ya vichwa, na hapo pana mtego. Mchuuzi akivuka mara tatu kwa siku ataonekana mara tatu na anayehesabu wavukaji, lakini mzigo wake wote kwa wiki nzima haufiki robo ya lori moja. Kwa vichwa yeye ndiye wengi. Kwa dola yeye ndiye mabaki. Basi kila upande huchagua hesabu inayoufaa: mashirika hunukuu vichwa yanapoandika maombi ya fedha, wizara hunukuu dola zinapopanga barabara na mizani.

Uganda ina utaratibu wa kuvutia zaidi. Ofisi yake ya takwimu pamoja na Benki Kuu huweka watu mipakani kuitazama biashara isiyo rasmi ikipita na kukadiria kwa macho: magunia mangapi, mikungu mingapi, thamani gani. Ni kazi ngumu na ya heshima, na imeonyesha kwamba biashara hiyo hufikia mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Lakini fikiria picha yenyewe. Serikali imemsimamisha mtu mpakani amtazame mwanamke akipita, na kinachotangazwa mwisho wa mwaka ni bei ya mkungu alioubeba.

Gharama ya kutoonekana hivyo ilidhihirika Machi 2020. Rwanda, kama majirani wengi, ilifunga mipaka ili kuzuia korona, lakini mizigo ikaruhusiwa kuendelea kupita. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kiafya, siupingi. Matokeo yake ni kwamba nyanya zilizopakiwa kwenye lori zilihesabika kuwa biashara, na nyanya zilizokuwa kwenye beseni zikahesabika kuwa msongamano wa watu. Baadaye wachuuzi waliruhusiwa kujikusanya vikundi na kuagiza kwa pamoja kwa lori, na waliokuwa na mtaji mdogo mno wa kuchangia wakabaki nje. Sidai kwamba mchoro ukutani ungezuia hilo. Nadai kwamba waliopanga orodha ya shughuli muhimu walikuwa na picha fulani ya mfanyabiashara vichwani mwao, na picha hiyo haikuvaa kitenge. Picha za vichwani hutengenezwa na kitu, na mojawapo ni vitu tunavyovisimamisha barabarani.

Na tunasimamisha nini? Dar es Salaam ina Askari wake wa shaba tangu 1927. Cotonou, nchini Benin, mwaka 2022 ilizindua sanamu ya Amazoni yenye mita 30, mwanamke mwenye silaha. Malindi ina Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, na anastahili kabisa. Mwanamke wa Kiafrika hupata sanamu akipigana, au akiwa na mtoto mgongoni. Akiwa anahesabu chenji, haonekani kuwa na hadhi ya shaba.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya vyoo, na ni haki kuisema. Sehemu ya riziki ya mpakani inategemea kutotazamwa. Sheria nafuu zipo: katika Afrika Mashariki, bidhaa za ndani ya jumuiya zisizozidi dola 2,000 hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili, na COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ina mpango kama huo. Lakini mchuuzi ambaye hana cheti, au ana cheti na hajui kwamba kinatosha, hupita njia ya panya au huongea na afisa kwa utaratibu wanaoujua wawili hao. Ukichora uso wake kwenye ukuta wa kituo cha forodha umemheshimu au umemwanika? Wapo wanawake watakaosema, tena kwa akili timamu, mwanangu, tuache tupite. Hoja hiyo naikubali kwa upande mmoja: sura ya mtu halisi isichorwe bila ridhaa yake, na hata akiridhia, mchoraji afikirie nani atakuwa zamu mwakani. Goma yenyewe ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ikapata watawala wengine mpakani usiku kwa mchana, na wachuuzi walikuwa walewale.

Kuna pia hofu ya kutukuza adha. Sanamu ya mwanamke mwenye beseni kichwani inaweza kuwa njia ya serikali kusema kwamba beseni ni utamaduni, halina haja ya kupunguzwa. Nimeona mabango ya Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, yanayonukia hivyo: shujaa wetu, jasiri wetu, na shujaa mwenyewe yuko juani akisubiri muhuri. Vitenge vya siku hiyo, ambavyo wanawake wa Kongo hushona na kuandamana navyo, angalau wamejinunulia wenyewe na wamecheza ndani yake. Bango la ofisi halina furaha hiyo.

Lakini hofu hiyo inahusu sanamu mbaya. Haiwezi kuwa sababu ya kutokuwa na sanamu. Msukuma chukudu naye anaonyeshwa katika kazi inayovunja mgongo, na hakuna aliyedai kwamba mchongaji anataka wanaume wa Goma wasipate malori.

Tena ukuta hauko mtupu tunavyodhani. Vituo vya pamoja vya forodha vimejengwa kwa fedha nyingi, na vingi vina jiwe la uzinduzi: Busia ulizinduliwa na Kenyatta na Museveni Februari 2018, Namanga na Kenyatta na Magufuli Desemba mwaka huohuo. Majina ya marais huchongwa hata kama hawapiti hapo tena. Kwa hiyo anayesema mpaka si mahali pa kuenzi watu amechelewa. Ubishi uliobaki ni wa nani aenziwe.

Mimi ningeanza na Petite Barrière, na ningeanza na ukuta kabla ya shaba. Wachoraji wapo, kituo cha Yolé!Africa kimelea vijana wa sanaa mjini humo kwa miaka mingi. Vyama vya wachuuzi vipo pande zote mbili, na vipewe rasimu kabla ya mkandarasi kupewa malipo ya kwanza. Nionavyo, mchoro ungekuwa na nusu mbili. Juu, mwanamke akihesabu fedha zake, mzigo ukiwa chini, macho kwa anayemtazama. Chini yake, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye foleni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, orodha ya anachotakiwa kulipa na asichotakiwa, pamoja na majina ya idara zinazoruhusiwa kumgusa. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 inaziruhusu idara nne tu mpakani: forodha, uhamiaji, udhibiti wa bidhaa na afya. Wachuuzi kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana na mikono mingi zaidi ya hiyo.

Wasanii watalalamika kwamba hilo ni bango la matangazo, na wana haki ya kulalamika. Baadhi ya maafisa watalalamika zaidi, kwa sababu nyingine. Karatasi ya viwango vya ada huchanika, hunyeshewa, au hupotea wiki ileile iliyobandikwa. Wazo la kuzibandika ada hadharani si jipya, limo katika mikataba ya kulinda wafanyabiashara wadogo wa mpakani ambayo Benki ya Dunia imekuwa ikiipigia debe. Mchoro wa mita sita uliozinduliwa mbele ya kamera ni vigumu kuupaka chokaa usiku. Hapo ndipo sanaa inapoweza kufanya kazi ambayo choo, pamoja na umuhimu wake wote, hakiifanyi.