Sita yangu si sita yako

Mtu amejikunja kitini, chupa ya maji ya moto ameibana tumboni, halafu anapewa karatasi yenye mstari wa sentimita 10. Mwanzo wa mstari: hakuna maumivu. Mwisho: maumivu yasiyovumilika. Weka alama. Anaiweka kwenye 6, maana mwezi uliopita ulikuwa mbaya zaidi na hataki kuonekana anadeka.

Hiyo 6 ndiyo inayoingia kwenye utafiti wa endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake.

Sisemi mstari ule utupwe. Ukimuuliza mtu yuleyule kila siku, utaona kama anapata nafuu. Kinachonikera ni pale 6 yangu na 6 yako zinapojumlishwa kama magunia ya mchanga. Kipimo cha Biberoglu na Behrman cha mwaka 1981 angalau kiliuliza la maana: ulilala kitandani? Ulikosa kazi? Lakini yupo asiyeweza kukosa kazi hata kidogo. Anameza vidonge, anakwenda akiwa ameuma meno, na karatasi inamwandika kuwa maumivu yake ni madogo tu.

Utambuzi nao una yake. Kwa miaka mingi ilibidi mgonjwa afanyiwe upasuaji wa matundu madogo ndipo aaminike. Kwa hiyo tafiti zikajaa waliofika mezani kwa mpasuaji, na wengine wote tukabaki nje ya hesabu. Zile hatua nne za ugonjwa zenyewe hupangwa kwa alama za vidonda na makovu aliyoyaona daktari, si kwa maumivu. Wa hatua ya kwanza anaweza kugaagaa sakafuni, wa nne asihisi kitu.

Mwaka 2022 ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, iliacha kuuita upasuaji kipimo kikuu. Afadhali. Ila vipimo vya picha kama ultrasaundi na MRI hupitwa na vidonda vidogo vya juujuu, kwa hiyo picha safi haimaanishi huna ugonjwa.

Mimi ningetaka kila utafiti useme wazi washiriki wake walitambuliwaje, na ambao hawajapasuliwa wahesabiwe kama kundi lao, wasiachwe mlangoni. Na pembeni ya mstari ule iwekwe nafasi ya kuandika amemeza vidonge vingapi kabla ya kushika kalamu.