Acheni yale magogo ya Białowieża yaoze

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp, Watanzania tulio huku Poland, mtu karusha video katoka kutembea Białowieża, ule msitu wa kale mpakani mwa Poland na Belarusi, anapita huku anasema oneni msitu ulivyochafuka, miti imeanguka hakuna wa kuiondoa, kuni zote hizi zinaoza bure, wenye msitu wamelala. Watu kibao wakamuunga mkono. Iliniuma kwa kweli, na pale kwenye grupu ningejaza ukurasa mzima, so naandika hapa.

Jamani yale magogo ndo msitu wenyewe. Chuchumaa pembeni ya mwaloni uliodondoka zamani uangalie: juu umefunikwa moss, vile vimajani laini vya kijani kama zulia, kwenye nyufa uyoga umepangana, ukibonyeza kidole kinazama na maji yanachuruzika, halafu juu ya mgongo wa gogo kuna vimche vya sprusi, miti jamii ya misonobari, vimeota kwa mstari, yaani mti uliokufa unalea watoto wa miti mingine. Kigong'ota wa mgongo mweupe na yule wa vidole vitatu wanatafuta mabuu kwenye miti ya hivyo hivyo, iliyokufa au inayokufa. Ukiibeba yote wale nini? Sehemu nyingi za Ulaya ndege hawa wamekuwa adimu kwa sababu misitu inafagiliwa kila mwaka.

Na hii kauli ya "kusafisha" ishaleta balaa pale pale. Kuna mdudu wa milimita 5 hivi anaingia chini ya gome la sprusi, mama anachimba njia moja ndefu, mabuu wanatoboa vijia vyao kulia na kushoto mpaka mti unakauka. Ukame na joto vikizidi wanazaliana balaa. Machi 2016 waziri wa mazingira wa Poland wa wakati huo, Jan Szyszko, akaidhinisha ukataji uongezwe kama mara tatu, sababu ni kupambana na huyo mdudu, mashine zikaingia na miti ya zaidi ya miaka 100 ikaangushwa. Julai 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamuru kazi isimame, haikusimama, mpaka Novemba walipotishiwa faini ya euro 100,000 kwa siku. Aprili 2018 hukumu ikatoka kwamba Poland ilivunja sheria. Lakini mti wa karne nzima ukishapakiwa kwenye lori, hukumu haiurudishi!

Sawa, mti mkavu ulioinamia njia ya watu ukatwe, hilo sipingi. Na watu wa Hajnówka, mji ulio kando ya msitu, na vijiji vya pale wanahitaji kuni na ajira, nalo kweli.

Kuhusu wale nyati wa Ulaya wanaoishi msituni humo, baisoni, watu wanapenda kupiga nao picha ila wanasahau kwamba 1919 wa mwisho wa mwituni pale aliuawa, baada ya vita na njaa. Wote walioko duniani leo wametokana na 12 tu kati ya waliobaki kwenye zuu na mashamba ya wanyama, na Białowieża wakaachiwa tena huru 1952. Kile kizazi kilirudi kwa sababu kulikuwa bado na msitu wa kukirudishia. Na kuna uzio wa mpakani na Belarusi uliojengwa 2022 kuzuia wahamiaji, mita 5 na nusu kwenda juu: mateso ya wakimbizi pale ni makubwa kuliko yote na yanahitaji makala yake, ila linksi, paka mwitu wakubwa wa msituni, nao wamekatiwa njia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hifadhi ya taifa yenyewe ni kama sehemu moja ya sita tu ya msitu wa upande wa Poland, kwingine kote kumeachwa mikononi mwa idara ya misitu. Mara ya mwisho kupanuliwa ni 1996, na sheria inataka halmashauri za pale zikubali kwanza. Basi serikali ikae na wanavijiji, iwalipe vizuri, iwahakikishie kuni za kutoka misitu ya kupandwa, na mstari wa hifadhi usogezwe mpaka uzunguke msitu wote.