Joka, Wadudu na Sikio la Bibi Kizee

Joka lilikuwa limebakiwa na damu kidogo sana, kama ukucha. Mimi nina chupa mbili za dawa, upanga wa fedha, na masaa matatu ya jasho ambayo sijaseivu, yaani sijayahifadhi kwenye mashine. Magemu haya ya zamani ya wachawi na mazimwi hayakuruhusu useivu unapotaka. Lazima ukifikie kijinguzo kinachong'aa, na kijinguzo changu kilikuwa nyuma ya joka. Saa tano usiku, Kirumba, Mwanza, joto limekaba, dirisha nimeliacha wazi.

Na mwezi ndiyo kwanza umeandama. Aliyekulia kando ya ziwa anajua maana yake: siku hizo wadudu wa ziwani huibuka majini makundi kwa makundi, wakapanda angani kama moshi wa shamba linaloungua, kisha wakafuata taa. Mtaa mzima umelala, mwanga pekee ni televisheni yangu. Hawaumi hawa, wanakuja tu. Dakika kumi, joka limeota manyoya. Nafuta kioo kwa kanga, joka linaota mengine.

Kumbe kioo hakikuwa na shida. PS2, mashine yangu ya magemu, ile nene ya mwanzo mwanzo, ina feni mgongoni inayotupa nje hewa ya moto, na hewa mpya inaingilia matundu ya mbele. Yaani mashine yenyewe inawavuta wadudu. Wanapita matunduni, wanaganda kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, ubongo wa mashine, hewa inakosa njia, joto linapanda. Feni ikaanza kulia kama bajaji yenye abiria watano inayopanda kilima cha Bugando. Kisha kimya. Masaa matatu yakaenda na joka.

Mwenye akili angelala. Lakini nilikuwa katikati ya riwaya ya wachawi na mazimwi ya kurasa 600, na riwaya za aina hii zinapotosha watu. Shujaa ni kijana wa kijijini asiyejua lolote. Ukurasa wa 40 anaokota upanga, ukurasa wa 60 anautumia kama aliyezaliwa nao. Mimi nikaokota bisibisi.

Ukiigeuza mashine utaona vifuniko vidogo vidogo. Vibandue kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skrubu za nyota. Zangu zilikuwa nane, nyingine huwa na kumi. Nikafungua, nikaigeuza tena, nikashika kifuniko cha juu. Humo ndani wadudu walikuwa wamejaa kama dagaa kwenye gunia.

Bibi akatokea mlangoni na tochi. "Umepasua Shing'weng'we, mjukuu wangu?"

Hadithi hiyo Msukuma yeyote anaijua. Zimwi Shing'weng'we alimeza watu wa nchi nzima, kijana Masala Kulangwa akamuua, akampasua tumbo ili watu watoke. Ila kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani, naye badala ya kushukuru akaja juu.

"Angalia sikio," Bibi akasema.

Nikacheka, huku nanyanyua kifuniko. Nikasikia *trap*. Kati ya kifuniko na ubao wa saketi kuna utepe mwembamba kama karatasi, unaounganisha ubao huo na kitufe cha kuwashia pamoja na taa yake. Kifuniko kinatakiwa kiinuliwe taratibu na kulazwa pembeni, utepe ukiwa bado umeshika. Mimi nilikivuta kama sufuria ya ugali.

Sikuuona utepe. Niliendelea na usafi kwa bidii ya kutisha. Nikatoa skrubu nne za juu ya droo ya diski, nikaifikia lenzi inayosoma diski. Inayofaa hapo ni spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, tone moja kwenye kijiti cha pamba, bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye vijispringi laini. Spiriti sikuwa nayo. Nikachukua marashi ya dada. Sasa, marashi ni spiriti yenye mafuta: spiriti inaruka, mafuta yanabaki, lenzi inapata ukungu. Nilipaka mara tatu.

Nikafunga, nikawasha swichi ya nyuma, nikabonyeza kitufe cha mbele. Hata taa haikuwaka. Ila chumba kilinukia vizuri sana.

Kesho yake, sokoni Makoroboi, fundi alifungua, akanusa, akaniangalia.

"Braza, hii umeitoa kwenye harusi?"

Akabadilisha utepe, akasugua lenzi upya, akachota wadudu kwa brashi ya rangi hadi wakajaa kifuniko cha kopo la Blue Band. Akaniambia usiku wa wadudu niwashe balbu nje barazani, ndani nifunge dirisha. Na mashine inapowaka nisiifunike kwa kanga, maana nitakuwa nimewasaidia wadudu kazi.

Nilimkuta Bibi barazani anachambua mchele.

"Sikio limelipiwa shilingi ngapi?"

"Elfu 15, Bibi."

"Na marashi ya dada yako?"

Nikaingia ndani.