Mwimbaji Kaenda Wapi?

Redio ya mjomba ilikuwa haiguswi. Naiita redio kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuiita pale Ngamiani, Tanga, lakini ule ulikuwa mtambo: amplifaya ya Kijapani nzito kama kinu, tuna ya kunasia stesheni, deki ya kanda mbili, kinanda cha santuri juu yake, na spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa chekechea. Mjomba alirudi nao kutoka Maskati mwaka 1984. Mkazamjomba husimulia kwamba siku ile mumewe alishuka garini amekumbatia boksi la amplifaya, begi la nguo kamwachia mpagazi, na mtoto kamwachia mtu asiyemjua.

Juu ya amplifaya kulitandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Kuiwasha kulikuwa na taratibu zake. Unaondoa maua, unakunja kitambaa mara mbili, unapuliza vumbi hata kama halipo, ndipo unabonyeza. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama tukiwa tumefunga mikono nyuma.

Kufika mwaka 2008 mtambo ulikuwa umeshaoza kwa ndani. Mipira ya deki iliyeyuka ikawa kama lami. Ukitia kanda inatafunwa kama muwa. Sindano ya santuri ilikwisha, na ya kufanana nayo haikupatikana Tanga nzima. Ikabaki redio tu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo na mpira. Chini ya kitanda kukawa na sanduku la bati limejaa kanda zisizo na wa kuzisemesha.

Ndipo nikajitia kimbelembele. Nilikuwa nimenunua Kariakoo kile kidude cha MP3, kidogo kuliko kibiriti, kimevalishwa gamba la mpira jeusi ili kikidondoka kisiumie. Kilikuwa na ujazo wa GB 1. Wimbo wa dakika nne ulikula kama MB 4 hivi, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata nyimbo 250. Nikashinda wikiendi nne kwenye intaneti kafe nazikusanya, kisha nikapiga simu.

"Mjomba, Idd hii nakuletea nyimbo 250 kwenye mfuko wa shati."

"Na Mbaraka yumo?"

"Mbaraka Mwinshehe ndiye wa kwanza kabisa."

Kimya. Halafu nikamsikia akipenga kamasi. Mbaraka, yule mwimbaji na mpiga gitaa, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na mjomba bado humzungumzia kama jirani aliyehama bila kuaga.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia akae na siri. Nilipofika Idd Mosi, baada ya shikamoo za mlangoni, nikakuta sebule imefurika. Wazee wa msikitini wamekaa kwenye makochi, akina mama wako mkekani, watoto dirishani. Kwenye kona, karibu kabisa na sinia la biriani, amekaa fundi redio wa mtaa wa pili, mzee mmoja mpole. Mkumbukeni huyo.

Maua yalikuwa yameshaondolewa. Kitambaa kilishakunjwa mara mbili.

"Haya, mpwa wangu," mjomba akasema, "tupe mambo."

Mambo yenyewe yalikuwa waya mmoja: huku pini moja nyembamba, ile inayoingia kwenye tundu la hedifoni, na huku pini mbili, nyekundu na nyeupe. Muuzaji aliniambia nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto, basi, hakuna jingine. Nikapiga magoti nyuma ya kabati na simu yangu ya tochi mdomoni. Kule nyuma kulikuwa na vumbi la tangu Maskati, mende mmoja aliyekauka, na mayai mawili ya mjusi yaliyowekwa kwa heshima juu ya tundu la spika ya kushoto. Na kulikuwa na matundu. Mimi nilitarajia mawili. Yalikuwa kumi na kitu, yamepangwa wawiliwawili kama wanafunzi wa gwaride, na kila jozi ina jina lake.

Jozi ya kwanza kuisoma iliandikwa REC. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, lakini si haba. Nikasema moyoni, hiki ni kifupi cha "pokea". Amplifaya inapokelea hapa. Nikachomeka, nikatoka, nikakiwasha kidude, nikasimama kando kama bwana harusi.

Kimya.

Nikaongeza sauti kwenye kidude. Kimya. Nikaongeza kwenye amplifaya, nikazungusha mpaka pale kunapogota. Kimya, na mtoto mmoja dirishani akakohoa.

"Nyimbo 250," mzee mmoja akasema taratibu, "na zote zimenyamaza."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba REC ni tundu la kutokea sauti, ya kupeleka kwenye deki ili irekodiwe. Nilikuwa nimekutanisha mdomo na mdomo. Kidude kinasema, amplifaya inasema, hakuna aliyetoa sikio. Lakini wakati ule nilichokijua ni kwamba jasho linanitiririka ndani ya kanzu mpya na mjomba anakitazama kitambaa chake kama anayefikiria kukirudisha.

Nikarudi nyuma ya kabati. Safari hii nikasoma majina yote kwa makini, na nikaona kitu kilichonifurahisha: PHONO. Tundu la kidude changu ni la hedifoni. Fono na fono, hawa si ndugu? Tena jozi hii ilikuwa imetengewa mahali pake pembeni, na kiskurubu kidogo cha shaba karibu yake, kama kiti cha mgeni rasmi. Nikang'oa waya wa kinanda cha santuri, nikachomeka wangu, nikarudi mbele nikageuza swichi ya kuchagulia mpaka ikasoma PHONO.

Ile sauti niliyoizungusha mpaka ikagota, sikuirudisha.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Umewahi kusimama karibu na lori linapomwaga kokoto? Sasa weka ndani ya hizo kokoto watu wanaopiga ngoma, kisha lori lenyewe liingie sebuleni. Vikombe vilicheza kabatini. Kitambaa cha kufuma kikateleza chenyewe chini. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akasimama wima akapiga shahada. Paka alitoka kwa dirisha lililokuwa limejaa watoto, na alirudi siku ya tatu. Jirani akaja mbio na kofia mkononi kuuliza kama transfoma ndiyo imelipuka.

Nilipofanikiwa kuzima, kila mtu alikuwa ameziba masikio isipokuwa bibi. Bibi ni mzito wa kusikia, na kwa miaka ishirini alikuwa akimlalamikia mjomba kwamba redio yake inanong'ona. Akatabasamu, akaweka vizuri ushungi.

"Hapo sasa," akasema, "hapo ndipo nimesikia."

Kumbe PHONO ni tundu la santuri peke yake. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti 5 hivi, kwa hiyo tundu lile lina mashine yake ya ziada ya kuukuza kabla haujaenda popote. Kidude changu nilikuwa nimekifungulia sauti yote. Hicho kinatoa nusu volti na zaidi, yaani mara mia ya kile tundu linachotegemea. Tena tundu hilo hukuza besi makusudi, kwa kuwa santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa. Nilichofanya ni sawa na mtu aliyezoea kunong'onezwa kisha ukampulizia tarumbeta sikioni. Spika ya kulia mpaka leo ina mkoromo kidogo ukipiga besi. Mjomba huutaja kila nikienda.

Kufikia hapo mkazamjomba alishauri tule kwanza. Mtu mwenye akili angekubali. Mimi nikasema bado kidogo tu, nikaingia nyuma ya kabati mara ya tatu, na safari hii, kwa kuwa sikubakiwa na nadharia, nikachomeka kwenye jozi iliyoandikwa AUX. Sauti nikaipunguza mpaka karibu na sifuri. Nikabonyeza.

Muziki! Vinanda safi, ngoma, kodiani, chorochoro za fidla. Ilikuwa taarabu moja ya miaka ya tisini ambayo kila mtu mle ndani anaijua. Akina mama wakaanza kupiga makofi. Mjomba akafumba macho. Nikainua mikono kama mfungaji wa goli.

Ala zikamaliza utangulizi. Ikafika pale mwimbaji anapoingia. Hakuingia.

Ala zikaendelea kumsubiri. Nyuma kabisa, mbali, kulisikika kitu kama mwangwi wa mtu anayeimba ndani ya pipa, kisha kikapotea. Waitikiaji walikuwepo, wanaitikia vizuri tu, ila hawajulikani wanamwitikia nani.

Mjomba akafumbua jicho moja. "Mwimbaji kaenda wapi?"

"Anakuja, mjomba."

Ubeti wa pili, hakuja. Nikaruka wimbo mwingine: ala zipo, mtu hayupo. Mwingine: vivyo hivyo. Nikaona bora nimwite Mbaraka, maana huyo ndiye aliyeahidiwa. Nikamtafuta, nikabonyeza. Mbaraka hakuwepo hata na gitaa. Kulikuwa na shhh nyembamba tu, kama mchele unaopetwa kwenye nyumba ya tatu.

"Mbaraka amekataa," akasema yule mzee wa mwanzo. Nilianza kumchukia.

Nikagusa waya, nikazungusha pini, nikapuliza. Hakuna. Nikarudisha ile taarabu, angalau ina ala, nikajificha nyuma ya kabati nikijifanya nachunguza. Na nikiwa kule, mdomoni simu, puani vumbi, nikasikia mtu ameingia kwenye ubeti. Sauti nzito, imekwaruza, imechelewa nusu pigo. Nikadhani kimepona. Nikachungulia.

Alikuwa mjomba. Amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja sikioni, macho kayafumba, anaimba. Na anayajua maneno yote, isipokuwa pale alipokuwa amekosea tangu kanda ilipotoka, na siku hiyo hapakuwa na wa kumsahihisha. Ala zilimfuata kama zimelipwa. Waitikiaji wakaitikia. Mama mdogo akainuka akamtunza noti ya elfu, akambandika kwenye paji la uso. Bibi akauliza kama huyu ni mwanawe au ni redio.

Aliimba ubeti wote, na alipomaliza akadai wimbo mwingine. Kisha mwingine. Wa nne ndipo fundi redio alipomaliza biriani yake, akanawa, akafuta mikono polepole, akanisogelea.

"Hebu nione hiyo," akasema.

Akakitazama kidude kwa sekunde mbili. Akakivua gamba la mpira, akaisukuma pini kwa kidole gumba. Ikalia tk. Ndogo sana.

Lile gamba lilikuwa nene. Pini haikuwa imeingia yote. Ilibaki unene wa punje ya mchele. Akanieleza palepale kwa sauti ya chini: pini ile ina sehemu tatu, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme, na ethi ndiyo ilikuwa haijagusa. Ethi isipokuwepo, kushoto na kulia wanabaki wanavutana wao kwa wao, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovuta kamba. Kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Mwimbaji huwekwa katikati, sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kufutika. Ala zilizowekwa upande mmoja zinabaki. Na Mbaraka? Nyimbo kama zile za zamani nyingi zilirekodiwa kwa mono, kushoto na kulia ni kitu kilekile. Zote zinafutika, gitaa na mwenyewe.

Nikamwuliza kwa nini ameniacha niteseke saa nzima wakati jibu analo.

"Hukuniuliza," akasema. "Tena nilikuwa nala."

Lakini hapo sebuleni jambo lingine lilishatokea. Pini ilipolia tk, mwimbaji wa kweli aliingia katikati ya ubeti, sauti nyororo, iliyonyooka, na maneno sahihi. Mjomba alikuwa amefungua kinywa kwa neno jingine kabisa. Wakagongana. Watu wakacheka. Mjomba akanyamaza, akatazama spika ya kushoto, akatazama ya kulia, kama mwenye nyumba aliyemkuta mgeni amelala kitandani kwake.

"Nani kamruhusu huyu?"

Fundi akaeleza habari ya gamba. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akapewa. Akalivisha gamba, yeye mwenyewe, kwa uangalifu ule wa kukunja kitambaa. Akachomeka pini. Mwimbaji akaondoka.

"Anza mwanzo," akasema.

Kidude hicho sikurudi nacho Dar. Nilikiomba mara mbili nikaambiwa kinachaji. Miezi minne baadaye nikiwa kazini simu ikaita, namba ya mjomba, na mjomba hapigi mchana isipokuwa kuna msiba. Nikapokea mikono ikitetemeka.

"Mpwa wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kweli. "Lile gamba limelegea. Yule mtu amerudi."