Maneno elfu tano hayatakuvusha SAT

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani ukikaribia, lile faili la maneno elfu tano ya Kiingereza ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo hivyo, huanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya wanafunzi. Neno upande huu, tafsiri moja upande ule, kurasa mia na ushee. Walimu wa tuisheni wanaliuza, na vijana wanalikariri usiku wa manane wakiwa wamechoka na masomo mengine. Linaniuma jambo hili, kwa sababu wanaandaliwa kwa SAT ya zamani, ambayo haipo tena.

Analojia, yaani maswali ya kulinganisha jozi za maneno, ziliondolewa mwaka 2005. SAT ya kompyuta, iliyoanza nje ya Marekani mwaka 2023, katika sehemu yake ya kusoma na kuandika inakupa kifungu kifupi kisichozidi maneno 150 na swali moja tu juu yake. Sehemu hiyo ina maswali 54 katika vipande viwili viitwavyo moduli, dakika 32 kila kimoja: wastani wa sekunde 71 kwa swali. Msamiati ndio unaofungua kila moduli, na ukiyumba katika ya kwanza, ya pili huja nyepesi na alama zako zinakuwa na kikomo.

Tazama sentensi hii: "Although the two accounts were written a century apart, the second ______ the first in nearly every detail." Machaguo: undermines, corroborates, supplants, provokes. Aliyekariri anajua maana za yote manne, lakini bado anababaika, kwa sababu anaanzia kwenye machaguo. Funika machaguo kwa mkono. "Although" inakuambia kuna jambo lisilotarajiwa: zimepishana karne nzima, na bado… Weka neno lako, hata la Kiswahili: "inaafikiana na". Sasa funua. Jibu ni "corroborates", na hukuhitaji kupima uzuri wa neno lolote. Wengi wanaokosa hapa huchagua neno linalosikika la kisomi zaidi.

Tatizo la pili la faili ni tafsiri ya neno moja. "Ambivalent" linaandikwa "asiyejali", kumbe mtu huyo anajali sana, ila moyo wake unavutwa pande mbili. "Disinterested" ni asiye na upande. Hatari zaidi ni maneno unayodhani unayajua: "qualify" kwa maana ya kuwekea dai mipaka, "novel" kwa maana ya jambo jipya, "check" kwa maana ya kuzuia. Hayo hayamo kwenye faili, maana yanaonekana mepesi, na mtihani unayapenda kwa sababu hiyohiyo. Sisi tunalielewa hili vizuri: tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata tamaa, na hakuna mtoto wa Kiswahili aliyekariri "kata" kwa maana moja.

Kwa hiyo, maneno manane kwa siku yanatosha. Kwa kila moja, nakili sentensi ulimolikuta, si ile ya kamusi. Andika linaandamana na nini: "reconcile X with Y", "impervious to". Weka alama ya kujumlisha au kutoa kuonyesha kama linasifu au linaponda. Kisha lirudie kesho, siku ya nne, na baada ya wiki mbili, ukianza na sentensi yenye pengo, usianze na neno. Ukishindwa mara mbili, tafuta sentensi nyingine. Ile ya kwanza haikubebi.

Viambishi vya Kilatini visaidie kukisia tu. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyopimika.

Nakubali, aliyebakiwa na wiki mbili anaweza kupata kitu kwenye orodha fupi, labda maneno 150, akiyachagua kutoka mitihani ya majaribio iliyomo kwenye Bluebook, programu rasmi ya kufanyia SAT, ambayo ni ya bure. Mwenye miezi sita asiiguse. Asome ukurasa mmoja wa makala ya sayansi na mmoja wa riwaya ya karne ya 19 kila siku, kwa sababu vifungu vya mtihani hufanana na hivyo, na maneno yake manane ayatoe humo.