Mwacheni kijana wa Newala anunue akromatiki yake

Kuna kijana wa Newala kauliza kwenye grupu letu la WhatsApp, hela ya korosho imeingia, anataka darubini ya lenzi ya kuanzia, achukue ipi. Kaka zangu wenye vifaa vyao wakamjibu kwa ukali kabisa kwamba akromatiki, yaani darubini ya lenzi ya kawaida ya bei nafuu, ni takataka kwa sababu inaweka utando wa rangi ya zambarau kwenye picha, akusanye hela anunue apo (apokromatiki), ile ya ghali isiyo na zambarau, na kama hana uwezo wa apo basi asubiri. Kijana kashukuru, kanyamaza. Limeniuma, na nasema waziwazi, mmemshauri vibaya.

Hiyo zambarau mnayoilalamikia naijua. Akromatiki ina lenzi mbili za vioo tofauti, nyekundu na bluu zinakutana pamoja, zambarau inabaki nje kidogo, ndo ile inayozunguka ukingo wa mwezi au Zuhura au nyota ya Sirius. Apo inakutanisha rangi tatu kwa kioo maalum, ED au floraiti, zambarau inapotea, na bei inapanda mara kadhaa kwa kipenyo kilekile. Mpaka hapo hatubishani.

Sasa niambieni, zambarau mnaiona kwenye vitu gani? Vinavyong'aa. Mwezi, sayari, nyota chache kubwa, basi. Kitu hafifu hakina mwanga wa kutosha jicho likaona rangi, kwa hiyo hata zambarau yenyewe huioni. Na sisi huku nyuzi 10 kusini ya ikweta utajiri wetu uko humohumo kwenye vitu hafifu! Kundi la nyota la Omega Centauri, nebula (wingu la gesi) ya Eta Carinae, Mawingu ya Magellan ambayo ni galaksi ndogo jirani. Mei na Juni, mvua zimekwisha na kusi limeshika, Omega Centauri inapanda zaidi ya nusu ya njia kwenda utosini, ukiziacha taa za Mikindani kidogo tu unaiona kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu, na kwenye darubini ya milimita 80 inaanza kuchambuka chembechembe, mamilioni ya nyota zimejazana pale, mtu akiona mara ya kwanza anaacha kuongea. Aliyeko London haioni kabisa akiwa kwao, haichomozi. Na ndo hao wanaoandika zile tathmini mnazozinakili, wanaishi chini ya taa za mji, vitu hafifu vimeshafutika, wamebakiwa na mwezi, sayari na kamera, kwao zambarau ni kero ya kila usiku na wana haki ya kulalamika. Huyu kijana yuko juu ya uwanda wa Makonde na giza lake lote, mnampa shida isiyo yake alafu mnamlipisha.

Na hata kwenye sayari, angalieni urefu kwanza. Urefu wa fokasi, yaani toka lenzi hadi pale mwanga unapokutana, ugawe kwa kipenyo, jibu ndo namba ya f. 70 kwa 900, yaani kipenyo milimita 70 na fokasi milimita 900, ni karibu f/13, zambarau yake utaitafuta. 102 kwa 500 ni f/5, hapo Mshtarii anaogelea kwenye zambarau, hiyo nakubali asichukue kama anataka sayari. Na kama mtu ameshainunua, akate kadibodi tundu la milimita 50, afunike mdomo wa darubini, inakuwa f/10, mwanga unapungua ila picha inatakata. Kichujio cha njano nacho kinasaidia.

Mwanaanga Barnard aliuona mwezi wa Mshtarii, Amalthea, mwaka 1892 kwa akromatiki ya kituo cha Lick, Marekani. Ile ya kituo cha Yerkes, hukohuko Marekani, ya 1897, lenzi inchi 40, ni akromatiki. Ilikuwa kazi ya kweli na watu hawakukaa kusubiri.

Kupiga picha, haya, apo inashinda, kamera inanasa zambarau hata ile ambayo jicho haliioni. Ila kijana hakuuliza kamera.

Halafu huku pwani, Lindi, Kilwa, Mtwara yote, unyevu na chumvi vinajulikana, kuvu inaingia kwenye lenzi hata ukifunika. Lenzi mbili mtu mtulivu anaweza kuzifungua, akaweka alama zilivyokaa, akasafisha akarudisha. Lenzi tatu za apo zikikosa mstari, nani huku wa kuzinyoosha?

Mdogo wangu, kama unasoma, chukua 70 kwa 900 au 80 kwa 900. Boksi lililoandikwa inakuza mara 675 lipite, milimita 70 ukishafika mara 140 hivi hamna kipya, picha inafifia tu. Hela inayobaki weka kwenye stendi nzito, vile vimiguu vyembamba vinavyokuja nayo kusi likipiga kila kitu kinatetemeka, na hiyo itakuudhi kuliko zambarau yoyote. Agiza sasa ikukute Mei, maana mwisho wa Septemba giza linaingia Omega Centauri imeshashuka, itabidi ungoje mwaka mwingine.